Damu Inapobadili Njia: Jinsi Ini Linavyojirekebisha na Kwa Nini Tusisubiri Lilalamike



Aliyewahi kuchinja mbuzi anajua kwamba ini ni zito kuliko linavyoonekana, na kisu kikipita ndani yake damu hutoka kila upande. Kwa mtu mzima, ini lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, lakini hupokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo mtu akiwa amepumzika. Kila dakika, zaidi ya lita moja ya damu hupita humo.

Je, damu hiyo ikipungua, ikizuiwa au ikigeuziwa njia, ini hufanya nini? Swali hili limechunguzwa kwa wanyama kwa karibu miaka 150. Majibu yake yanamhusu mkazi anayeishi karibu na ziwa, mto wa mwendo wa pole au mfereji wa umwagiliaji wenye kichocho. Yanamhusu pia anayeishi na homa ya ini aina ya B au C, na anayekunywa pombe kupita kiasi. Somo kuu ni moja: ini lina uwezo mkubwa wa kujirekebisha damu yake inapovurugika, na uwezo huohuo ndio unaoficha ugonjwa hadi umekuwa mkubwa.

Ini lina njia mbili za kupokea damu

Viungo vingi vya mwili hupata damu kupitia ateri zinazotoka upande wa moyo. Ini lina njia mbili. Ya kwanza ni ateri ya ini, inayoleta damu yenye oksijeni nyingi. Ya pili ni mshipa wa lango, unaokusanya damu kutoka tumboni, kwenye utumbo, kongosho na wengu (wengine huuita bandama), na kuipeleka kwenye ini kabla haijarudi moyoni.

Mshipa wa lango ndio mkubwa. Huleta takriban robo tatu ya damu ya ini, na ateri huleta robo inayosalia. Lakini damu ya mshipa wa lango imeshapita kwenye viungo vingine na imeacha huko sehemu ya oksijeni yake. Kwa hivyo ateri, ingawa ni nyembamba, huchangia karibu nusu ya oksijeni ambayo ini hutumia.

Mshipa wa lango nao huleta virutubisho vya chakula tulichokula, dawa tulizomeza, taka kutoka kwenye utumbo na homoni za kongosho. Ini huupokea mzigo huo kwanza. Huweka akiba ya sukari, hupunguza makali ya sumu, kisha huiruhusu damu iendelee na safari. Ni kama lori linavyolazimika kupita kwenye mizani ya barabara kuu kabla ya kufika mjini.

Mbwa wa Saint Petersburg

Mwaka 1877, daktari wa Urusi aliyeitwa Nikolai Eck alieleza upasuaji aliowafanyia mbwa mjini Saint Petersburg. Aliunganisha mshipa wa lango na mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, kisha akafunga sehemu inayoingia kwenye ini. Damu ya utumbo ikapita kando, kama lori linalokwepa mizani kwa njia za panya. Mbwa wengi walikufa mapema, lakini Eck alikuwa ameonyesha kwamba upasuaji wenyewe unawezekana.

Mwaka 1893, wanasayansi wanne, akiwemo Ivan Pavlov, walichapisha matokeo ya kina zaidi. Mbwa waliopona upasuaji huo walibadilika. Ini lao lilisinyaa. Wengine walipokula nyama waliyumba, wakashindwa kuona, wakapata degedege au kupoteza fahamu. Protini inaposagwa hutoa amonia. Ini lenye afya huigeuza amonia kuwa yurea, ambayo hutoka kwa mkojo. Damu isipopita kwenye ini, amonia na taka nyingine hufika kwenye ubongo.

Kuanzia miaka ya 1940, madaktari nchini Marekani walitumia upasuaji wa aina hiyo kwa wagonjwa waliokuwa wakitapika damu kwa sababu ya ini lenye makovu. Damu ilikoma kutoka, lakini baadhi ya wagonjwa walianza kuchanganyikiwa, kama ilivyoonekana kwa mbwa miaka mingi kabla yao.

Njia moja ikipungukiwa, nyingine hupanuka

Jambo la pili lilionekana mwaka 1911. Mtafiti Russell Burton-Opitz, aliyefanya kazi Marekani, alipima damu inayoingia kwenye ini la mbwa. Aligundua kwamba damu ya mshipa wa lango ikipunguzwa, damu ya ateri huongezeka.

Miaka ya 1980, Wayne Lautt na wenzake nchini Kanada waliwachunguza paka na kueleza jinsi jambo hilo linavyoweza kutokea. Ndani ya ini, karibu na mishipa midogo, hutolewa daima kemikali iitwayo adenosini. Damu ya mshipa wa lango inapopita kwa wingi, huisomba. Damu hiyo ikipungua, adenosini hujikusanya na kuifanya ateri ilegee na kupanuka. Ini halihitaji kungoja amri kutoka kwenye ubongo.

Hata hivyo, msaada huu una mipaka. Ateri hufidia sehemu tu ya damu iliyopungua, haifidii yote. Na msaada hauendi pande zote mbili: ateri ikizibwa, mshipa wa lango haupanuki kwa namna hiyo, kwa sababu hauna uwezo wa kuamua ni damu kiasi gani itoke kwenye utumbo.

Upande ulionyimwa husinyaa, upande uliobaki hukua

Mwaka 1920, Peyton Rous na Louise Larimore, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, walifunga tawi la mshipa wa lango linalolisha sehemu moja ya ini la sungura. Sehemu hiyo haikuoza, kwa kuwa ateri iliendelea kuilisha, lakini ilisinyaa polepole. Sehemu iliyopokea damu yote ya mshipa wa lango ilikua. Kwa kuitazama tu, ungeona ini likihamisha kazi kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Mwaka 1931, George Higgins na Reuben Anderson walieleza jinsi walivyoondoa takriban theluthi mbili za ini la panya. Ndani ya wiki chache, sehemu iliyosalia ilikuwa imekua hadi kukaribia uzito wa awali. Vipande vilivyokatwa havikuota upya. Vilivyobaki ndivyo vilivyoongezeka.

Swali likabaki: je, ini hukua kwa sababu ya wingi wa damu, au kwa sababu ya kilichomo ndani ya damu? Katika miaka ya 1960 na 1970, daktari wa upasuaji Thomas Starzl na wenzake nchini Marekani waliligawa ini la mbwa sehemu mbili. Sehemu moja ililishwa damu kutoka kwenye kongosho, na nyingine damu kutoka kwingineko mwilini. Zote mbili zilikuwa na damu, lakini iliyopata damu ya kongosho ilistawi na nyingine ikasinyaa. Baadaye walitia insulini moja kwa moja kwenye tawi la mshipa wa lango la mbwa waliofanyiwa upasuaji kama wa Eck, na kusinyaa kwa ini kukapungua. Homoni hiyo ya kongosho ilionekana kuwa sehemu muhimu ya jibu.

Maarifa haya yanatumika hospitalini leo. Mgonjwa mwenye uvimbe kwenye upande mmoja wa ini anaweza kuzibiwa kwanza tawi la mshipa wa lango la upande huo. Wiki kadhaa baadaye, upande wenye afya ukishakua, daktari huondoa upande mgonjwa kwa usalama zaidi. Madaktari wa Japani walikuwa miongoni mwa waliotangulia kutumia njia hiyo katika miaka ya 1980. Msingi wake ni ule ulioonekana kwa sungura mwaka 1920.

Maji hufuata mkondo

Wakulima wa umwagiliaji wanajua kinachotokea mfereji mkuu ukizibwa. Maji hayakai yakingoja. Hupanda, hutafuta mahali dhaifu, na hupasua kingo ambazo hazikujengwa kuhimili wingi huo. Damu hufanya vivyo hivyo.

Watafiti waliwafunga panya mshipa wa lango kwa sehemu, bila kuuziba kabisa. Ndani ya siku chache, damu ilianza kupitia mishipa midogo ya kando ili kurudi moyoni. Mtu angetarajia kwamba baada ya kupata njia hizo, shinikizo lingeshuka. Lakini halikushuka vya kutosha. Mishipa ya utumbo ilikuwa imelegea na kuongeza damu inayoingia kwenye mshipa wa lango, hivyo shinikizo likaendelea kuwa juu.

Kwa binadamu, mishipa ya kando iliyo hatari zaidi iko sehemu ya chini ya umio, yaani njia ya chakula, na juu ya tumbo. Huvimba na kuwa na ukuta mwembamba. Ikipasuka, mtu hutapika damu nyingi ghafla. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Didier Lebrec na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba dawa ya propranololi, inayopunguza kazi ya moyo na damu inayoingia kwenye utumbo, hupunguza hatari ya kutokwa damu tena. Dawa za kundi hilo bado hutumika, pamoja na kufunga mishipa iliyovimba kwa mipira midogo kupitia kamera ya endoskopi.

Kichocho na ini lisilolalamika

Hapa ndipo utafiti huu unapofika nyumbani. Nchini Kenya, kichocho cha tumbo kimejulikana kwa miaka mingi katika maeneo ya Ziwa Victoria, mashamba ya mpunga ya Mwea, na sehemu za Machakos na Makueni. Si sawa na kichocho cha mkojo, kinachojulikana sana Pwani na ambacho hudhuru zaidi kibofu.

Minyoo wa kichocho cha tumbo huishi ndani ya mishipa midogo ya damu inayozunguka utumbo. Majike hutaga mayai kila siku. Sehemu ya mayai hutoka na kinyesi. Mengine husombwa na damu ya mshipa wa lango hadi kwenye ini, na huko hukwama kwenye matawi madogo. Mwili huyazingira mayai hayo ili kujikinga, na baada ya miaka mingi kovu hujijenga kuzunguka mishipa. Mwaka 1904, daktari aliyeitwa Symmers, aliyefanya kazi Misri, aliyafananisha makovu hayo na mirija ya kiko cha udongo.

Makovu huziba njia ya damu, lakini seli nyingi za ini hubaki zikifanya kazi, na ateri hupanuka ili kusaidia kuzilisha. Ni jambo lilelile lililoonekana kwa mbwa na paka. Kwa sababu hiyo, vipimo vya kawaida vya damu vinavyoangalia kazi ya ini vinaweza kuonyesha hali iliyo karibu na ya kawaida, huku shinikizo la mshipa wa lango likiwa tayari limepanda. Mvuvi anaendelea kuvua. Mkulima wa mpunga anaendelea kupalilia. Huenda ikaonekana tu kwamba wengu umevimba chini ya mbavu za kushoto. Wapo ambao dalili yao ya kwanza ya kuwatisha ni kutapika damu.

Mtu wa namna hii hawezi kuambiwa kwamba alipuuza maumivu, kwa kuwa huenda hakuwa na maumivu. Ndiyo sababu tunahimiza kupimwa na kutibiwa kabla ya dalili.

Tusichukue masomo ya wanyama kupita kiasi

Mbwa, paka na panya hawafanani na binadamu katika kila jambo. Ini la panya hurudia uzito wake kwa siku au wiki. La binadamu huchukua wiki hadi miezi, na hilo ni ini lenye afya. Ini lililojaa makovu ya pombe, homa ya ini au kichocho halikui upya kwa urahisi huo. Kwa hivyo anayesema "ini huota tena, acha ninywe" anategemea majaribio yaliyofanywa kwa maini ambayo hayakuwa na ugonjwa. Vilevile, dawa za kienyeji au za dukani zinazouzwa kwa jina la "kusafisha ini" hupitia kwenye ini lilelile, na baadhi ya mitishamba inaweza kulidhuru.

Pia si vyema kusahau kwamba maarifa haya yalipatikana kwa gharama ya uhai wa wanyama. Katika nchi yetu, majaribio ya wanyama yanasimamiwa na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na hayaruhusiwi kufanywa kiholela.

Mkazi afanye nini?

1. Ukiishi au kufanya kazi mahali penye kichocho, nenda zahanati au kituo cha afya ukapimwe kinyesi. Dawa ya prazikwanteli humezwa, na kipimo chake hutegemea uzito au kimo. Wahudumu wa afya wanapokuja shuleni au kijijini kutoa dawa ya kichocho, mruhusu mtoto aipokee, nawe uipokee ikiwa imepangwa kwa watu wazima.

2. Kumbuka kwamba dawa hiyo huua minyoo waliokomaa, lakini haizuii maambukizi mapya. Ukirudi majini unaweza kuambukizwa tena, na utahitaji kutibiwa tena. Kutibiwa mapema huweza kupunguza uvimbe wa ini na kuzuia makovu kuongezeka.

3. Tumia choo. Mayai ya kichocho yasipofika majini, konokono hawaambukizwi, na mzunguko hukatika. Punguza kuoga, kufua na kuogelea kwenye maji yenye konokono, na vaa mabuti kazi inapokulazimu kuingia.

4. Hakikisha mtoto anapata chanjo zake akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Ndani yake kuna kinga ya homa ya ini aina ya B. Mtu mzima anaweza kuomba kupimwa.

5. Ukiambiwa una makovu kwenye ini au wengu uliovimba, omba kuelezwa kuhusu kipimo cha altrasaundi na cha endoskopi. Usinunue dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni au diklofenaki bila kumuuliza mhudumu wa afya, kwani zinaweza kuchochea kutokwa damu. Pombe uiache kabisa.

6. Usijinyime chakula. Zamani, kwa sababu ya yale yaliyoonekana kwa mbwa waliokula nyama, wagonjwa wa ini walikatazwa protini. Siku hizi ushauri umebadilika. Wagonjwa wengi huhimizwa kula protini ya kutosha, kama maharagwe, ndengu, maziwa na mayai, kwa milo midogo ya mara kwa mara, kwa sababu kukonda kwa misuli huwadhuru zaidi. Mgonjwa anayechanganyikiwa hutibiwa kwa dawa kama laktulosi, hawekwi njaa.

Dalili za kukimbilia hospitali mara moja

Usingoje asubuhi ukiona mojawapo ya haya: kutapika damu au matapishi yanayofanana na kahawa iliyosagwa, kinyesi cheusi, chenye kunata kama lami, kuchanganyikiwa, kubadilika tabia au usingizi usio wa kawaida kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini, tumbo lililojaa maji pamoja na homa au maumivu, macho kugeuka manjano. Anayetapika damu alazwe kwa ubavu, asipewe chakula wala dawa ya kienyeji, na apelekwe hospitali yenye uwezo wa kuongeza damu.

Kwa maswali zaidi, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako au tembelea kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mueleze unapoishi, kazi unayofanya na maji unayotumia. Maelezo hayo matatu yanaweza kumwonyesha hatari ambayo ini lenyewe bado halijaitangaza.